Mashine inayotetemesha mkono: mafunzo ya umeme kwa fundi na kwa mfagiaji

Swali: Mimi ni afisa usalama wa kampuni yenye wafanyakazi wapatao 140. Tuna kiwanda cha kusindika nyama, ghala, karakana, shamba la umwagiliaji na ofisi. Mwaka jana tuliwakusanya wote ukumbini, mkufunzi akafundisha usalama wa umeme siku nzima, kila mmoja akapewa cheti. Mwezi uliopita mama mmoja wa usafi alipigwa shoti akiosha mashine ya kukatia nyama. Umeme ulimrusha, akaanguka, bega likateguka. Tunashukuru yuko hai. Kinachoniumiza ni kwamba cheti alikuwa nacho, na wenzake wanasema aliwahi kulalamika kuwa mashine ile "inatetemesha mkono". Nipange vipi mafunzo yamfae kila mtu, kuanzia fundi umeme hadi mfagiaji?

Jibu:

Ndugu yangu, pole. Umfikishie na mama huyo pole zangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye maneno yale: "inatetemesha mkono". Mama yule alifanya jambo ambalo mafunzo yoyote ya maana yangemtaka alifanye. Alihisi hitilafu, akaisema. Pengo halikuwa kwake, lilikuwa kwa yule aliyeambiwa, ambaye bila shaka naye alikaa ukumbini siku ile na cheti anacho. Kwa hiyo nitakujibu kuhusu fundi na kuhusu mfagiaji, lakini ujue mapema kwamba mtu wa kwanza ninayetaka umfundishe ni msimamizi wa zamu.

Tuanze na mashine yenyewe. Sijaiona, ila dalili unazozieleza nimekutana nazo mara nyingi sana. Mahali panapooshwa kwa maji ya presha kila siku, maji hupenya ndani ya swichi na mota, na mpira unaofunika waya huchoka. Umeme unaanza kuvuja kwenda kwenye bati la mashine. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ukiwa mzima, umeme huo huteremka nao ardhini na kifaa cha kukata umeme unaovuja huanguka, yaani hukata, mara moja. Lakini ethi ikiwa imekatika, au mtu alibadilisha plagi akaona waya wa tatu unamsumbua akauacha nje, bati zima hukaa na umeme likingoja njia ya kwenda ardhini. Atakayeligusa ndiye njia.

Sasa, kwa nini mashine ileile imtetemeshe mkono kwa siku kadhaa halafu siku moja imrushe? Volti ni zilezile. Kilichobadilika ni ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita. Chukua volti 230. Siku ambayo mama ana buti kavu za mpira na mkono wake mkavu, ukinzani wa njia yote kutoka kwenye bati hadi ardhini unaweza kufika omu 200,000. Gawa, unapata kama miliampea 1, kiasi ambacho mtu huanza tu kukihisi. Siku nyingine sakafu imejaa maji, buti limeingia maji, mkono umelowa mpaka kiwiko. Hapo mwili wa mtu hubaki na ukinzani wa kama omu 1,000. Gawa tena: miliampea 230. Mkondo wa miliampea 50 hadi 100 ukipita kifuani kwa muda wa sekunde moja hivi unatosha kuuvuruga moyo usisukume damu tena. Tangu siku ya kwanza alipotetemeshwa, kilichokuwa kinamlinda ni ukavu wa buti zake.

Hesabu hii ifundishwe kwa kila mtu, hata asiyejua kugawa. Mwambie hivi: mashine ikikutekenya leo ukiwa mkavu, itakuua kesho ukilowa. Anaelewa.

Na kurushwa kwake kulikuwa bahati. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifanya majaribio na watu waliojitolea kushika waya wenye umeme ili aone ni mkondo kiasi gani unaomzuia mtu kuachia. Kwa wastani alipata kama miliampea 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Ukizidi hapo vidole vinajikunja, kwa sababu misuli inayokunja ina nguvu kuliko inayokunjua, na mtu anang'ang'ania kitu kinachomuua huku akili yake ikimwambia aachie. Mama yule angekuwa ameshika mpini badala ya kugusa bati kwa kiganja, tungekuwa tunazungumza mengine.

Dalziel huyo ndiye aliyebuni, mwaka 1961, kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile ambacho kwenye bodi ya breka kina kitufe kidogo cha kukijaribu, chenye herufi T. Mafundi wengi wanakiita RCD. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika kiwango chake, kinakata. Kinachowekwa kwa ajili ya kuokoa watu huwa cha miliampea 30, na uvujaji ukiwa mkubwa mara tano ya hapo hutakiwa kukata ndani ya milisekunde 40. Hapa kuna kosa ambalo nalikuta hata kwa watu waliosoma: wanaamini breka ya kawaida inamlinda mtu. Breka ya ampea 16 imewekwa kulinda waya usiungue. Mtu anayekufa kwa miliampea 100 anatumia chini ya sehemu moja kwa mia ya uwezo wa breka hiyo, nayo haina habari.

Nitakwambia jambo ambalo wakufunzi wengi hawapendi kulisema. Kabla hujatumia hata saa moja kwenye mafunzo, mpe fundi kazi ya kupima ethi ya kila mashine inayooshwa kwa maji, na uhakikishe kila soketi ya sehemu zenye maji iko chini ya RCD ya miliampea 30 inayofanya kazi. Ukimfundisha mtu kujihadhari na mashine ambayo wewe mwenyewe unajua haina ethi, umemtupia mzigo wako. Mafunzo yanakuja baada ya hapo, kwa ajili ya yale ambayo vifaa haviwezi kuyazuia. Na yapo, maana RCD haitamwokoa mtu aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine huku hajagusa ardhi. Kwa RCD, mtu huyo anaonekana kama taa tu.

Turudi ukumbini. Kosa la siku ile halikuwa mkufunzi kusema uongo, ni kuwapa watu 140 somo moja. Viwango vya kimataifa vya umeme vinawagawa watu katika makundi matatu: mjuzi, yaani mwenye elimu na uzoefu wa kutambua hatari za umeme mwenyewe, aliyeelekezwa, anayefanya kazi chache maalumu chini ya maelekezo ya mjuzi, na mtu wa kawaida. Pitia orodha ya watu wako jina kwa jina ukimweka kila mmoja mahali pake, kwa kuangalia anachokifanya kweli saa nane usiku wakati fundi hayupo, si kwa cheo kilichoandikwa kwenye mkataba.

Ukifanya hivyo kwa uaminifu utashangaa ukubwa wa kundi la kati. Kuna mwendesha mashine anayerudisha breka ikianguka. Kuna kijana wa karakana anayebadilisha taa na kufunga plagi, na mlinzi anayewasha jenereta. Hawa hawakusomea umeme, lakini kila wiki wanafungua vitu vya umeme kwa sababu "ni kitu kidogo". Kundi hili linaniogopesha kuliko mafundi. Nchini Marekani takwimu za vifo kazini zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wengi wanaouawa na umeme hawana kazi ya umeme: ni wapaka rangi, madereva, watu wa bustani, wajenzi wa paa. Umeme uliwakuta wakifanya jambo jingine.

Kwa kundi la kati andika mipaka, na iwe mifupi. Breka ikianguka, unaruhusiwa kuirudisha mara moja tu, tena baada ya kutazama kama kuna harufu ya kuungua, maji au waya uliokatika. Ikianguka tena, unaiacha na kumwita fundi. RCD ya sehemu ya maji ikianguka, huirudishi kabisa. Kifuniko chenye alama ya radi hukifungui, hata kama bisibisi unayo. Mashine ikikwama, huingizi mkono kabla ya kuzima, kuweka kufuli yako na kujaribu kuiwasha uone kama kweli haiwaki. Hayo manne wayajue kama wanavyojua njia ya kwenda nyumbani.

Kufuli hiyo ielezwe vizuri, maana watu huichukulia kama urasimu. Kila mtu anakuwa na kufuli yake yenye jina lake na ufunguo mmoja unaokaa mfukoni mwake. Watu watatu wakiingia kwenye mashine moja, kufuli tatu zinaning'inia kwenye swichi. Msimamizi mwenye haraka hawezi kuiwasha, mtu wa zamu inayofuata hawezi kuiwasha, na hakuna anayefungua kufuli ya mwenzake kwa sababu ya kudhani ameshaondoka. Katika viwanda nilivyofundisha, kitu kilichowabadilisha watu haraka ni kumwambia kila mmoja aandike jina lake mwenyewe kwenye lebo kwa mkono wake.

Kwa mafundi, mwiko wa kwanza ni kuamini. Utaratibu unaofuatwa Ulaya una hatua tano: kukata pande zote, kuzuia usirudishwe, kuthibitisha kwamba umeme haupo, kuunganisha na ardhi, na kufunika sehemu za jirani ambazo bado zina umeme. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa. Nitakusimulia.

Nilikuwa nafundisha kwenye kiwanda kimoja, na fundi mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi alijitolea kutuonyesha. Alizima swichi, akaweka kufuli, akafungua paneli. Akachukua mita yake, akagusisha ncha moja kwenye terminali na nyingine kwenye bati. Sifuri. "Imekata, mwalimu," akasema, na mkono ukaanza kuingia. Nikamshika kifundo cha mkono, taratibu. Nikamwomba aende na mita ileile kwenye soketi ya ukutani ambayo sote tulijua ina umeme, kwa kuwa feni ilikuwa inazunguka pale. Akapima. Sifuri. Waya mmoja wa mita ulikuwa umekatika ndani ya mpira wake karibu na ncha, haionekani kwa macho. Tuliporudi kwenye paneli na mita nzima, tulikuta volti 230 kwenye terminali mbili za chini: sakiti ya kuongozea mashine ilikuwa inalishwa kutoka bodi nyingine kabisa, nyuma ya ukuta. Hakuna aliyecheka. Yule fundi alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaitazama mita yake kwa muda mrefu.

Basi wafundishe mafundi wako kupima mara tatu: kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pale unapotaka kufanya kazi, kisha tena pale penye umeme. Wapime moto na moto, moto na nyutro, moto na ardhi. Testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo si kipimo cha kuthibitisha umeme haupo, maana kitaa kikiungua au mtu akiwa juu ya ngazi ya mbao, haiwaki, naye anadhani amesalimika. Mita iwe ya daraja linalofaa mahali ilipo, CAT III kwa bodi za ndani na CAT IV panapoingilia umeme wa jengo. Isiyofaa inaweza kulipuka mkononi. Glavu za mpira za daraja 0, za hadi volti 1,000, zijazwe hewa kila kabla ya kuvaliwa: unakunja mdomo wa glavu, unaubana, unaileta karibu na shavu usikilize kama inapumua. Juu yake glavu ya ngozi. Na kwenye mitambo yenye inveta za kuendeshea mota, kuzima hakutoshi, kwa sababu kapasita zilizo ndani hubaki na chaji. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi 5 au zaidi, halafu upime.

Waambie pia kuhusu mlipuko wa cheche, kwa kuwa mafundi wengi hufikiria shoti tu. Bisibisi ikianguka kati ya baa mbili za chuma zinazobeba umeme kwenye paneli kubwa, hewa yenyewe inageuka njia ya umeme, na joto laweza kufika nyuzi 19,000 hivi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Mtu anaungua bila kugusa chochote. Shati la poliesta huyeyuka likagandamana na ngozi. Ndiyo maana kazi kwenye paneli kubwa hufanywa umeme ukiwa umekatwa, na anayelazimika kuwa mbele yake ikiwa na umeme huvaa nguo zilizotengenezwa kustahimili cheche hizo.

Sasa maeneo yako, na hapa sitatoa uzito sawa, kwa sababu hatari nazo hazina uzito sawa.

Shamba ndilo ningeliendea haraka baada ya kiwanda. Bomba la aluminiamu la umwagiliaji lina urefu wa mita 6 na zaidi. Mtu anataka kumwaga tope au kumtoa mnyama aliyejificha ndani, analisimamisha wima, na juu yake kuna laini ya umeme. Haina sauti, haina rangi ya hatari, na nyingi kati ya laini hizo hazina mpira wowote hata kama kwa mbali zinaonekana nyeusi kama zimefunikwa. Umeme wa msongo mkubwa hauhitaji hata kuguswa, unaweza kuruka. Kanuni za Marekani zinataka kreni ikae angalau mita 3 mbali na laini ya hadi volti 50,000. Nawe tumia umbali huo kama kiwango cha chini kabisa, ukimuuliza mwenye laini umbali anaoutaka yeye. Mafunzo ya shamba yafanyike shambani. Tembea na watu wako chini ya laini, wekeni alama ardhini pande zote mbili, na mkubaliane kwamba ndani ya alama hizo bomba hubebwa likiwa limelala na watu wawili, na lori halinyanyui bodi lake.

Dereva wa lori afundishwe kitu kimoja ambacho mwili wake utakikataa. Lori likigusa laini, abaki ndani. Tairi za mpira hazimlindi. Kinachomlinda ni kwamba yeye na lori wana volti zilezile. Akishuka, mguu mmoja ardhini na mkono mlangoni, amekufa. Aite watu wakate umeme, awazuie wengine wasisogee. Moto ukiwaka tu ndipo aruke, miguu yote miwili pamoja, asishike lori wakati anatua, kisha aondoke kwa kuruka miguu ikiwa imebanana au kwa kuburuza nyayo bila kuzitenganisha, mpaka mita 10 na zaidi. Sababu ni kwamba umeme unaoingia ardhini unapungua kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo hatua ndefu inaweka mguu mmoja kwenye volti nyingi na mwingine kwenye chache, na mkondo unapanda mguu huu ukishukia ule. Mfanyie mazoezi, aruke kweli kutoka kwenye kabini lori likiwa limezimwa. Watu wazima huona aibu kidogo mara ya kwanza. Mara ya tatu miguu imeshajua. Na waya ulioanguka chini usihesabiwe umekufa kwa kuwa umetulia: mitambo ya laini nyingi hurudisha umeme yenyewe baada ya muda mfupi.

Karakana ina mambo mawili. La kwanza ni waya wa grainda na ekstensheni: mtu aupitishe waya wote kati ya vidole kabla ya kuchomeka, anatafuta mpasuko, na ekstensheni ya kukunja aifungue yote, kwa sababu ikibaki imeviringwa huku inavuta mzigo mkubwa, inajipika yenyewe. La pili ni mchomeleaji. Mashine yake ikiwa haijaanza kuchoma inaweza kuwa na volti 80 hivi kwenye kishikio, naye hudhani volti 80 ni za kuchezea. Mweke ndani ya tangi la chuma, amelowa jasho, goti na mgongo vimegusa chuma, na umfanyie hesabu ileile ya omu 1,000: miliampea 80. Anapobadilisha fimbo ndani ya nafasi kama hiyo awe na glavu kavu, kitu kikavu cha kukalia kisichopitisha umeme, na mwenzake nje mwenye mkono kwenye swichi.

Ghala: betri za foklifti. Zikichajiwa, zile za risasi na asidi hutoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka kwa cheche moja, kwa hiyo pawe na upepo na pasiwe na moto. Anayezishughulikia avue pete na saa, maana spana au pete ikiunganisha ncha mbili inageuka nyekundu kidoleni. Kama paa la ghala lina paneli za sola, kila anayepanda, hata wa kuziba bati linalovuja, aambiwe kwamba kuzima swichi kuu hakuzizimi paneli. Maadamu kuna mwanga, waya zake zina umeme, na cheche za umeme wa aina hiyo hazizimiki kirahisi kwa sababu mkondo wake haupiti sifuri kama ule wa ukutani. Ofisini, nusu saa kwa mwaka inatosha: msichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni, hita isiingie humo, soketi yenye joto au harufu iachwe na isemwe.

Namna ya kufundisha ni fupi. Ukumbi achana nao. Vikundi vya watu 6 hadi 8, dakika 20, mbele ya kitu chenyewe, kwa lugha wanayoongea wakiwa kazini. Usiulize "mmeelewa?", kwa kuwa hakuna atakayesema hapana. Sema "nionyeshe". Asiyejua kusoma ataonyesha kama mwingine yeyote. Zamu ya usiku ifundishwe usiku. Vibarua na mafundi wa nje wafundishwe kabla hawajashika kitu, siku ileile wanayofika. Kiwango cha Marekani cha usalama wa umeme kazini, NFPA 70E, kinataka mafunzo ya mafundi yarudiwe ndani ya kila miaka 3, lakini mkono unasahau mapema kuliko hapo. Kwa sehemu za maji na kwa shamba ningerudia kila baada ya miezi michache, na kila mara kunapokuja mashine mpya.

Wote bila kubagua, hata mhasibu, wajue la kufanya mwenzao akishikwa na umeme. Usimguse. Kata umeme: plagi, swichi, breka, chochote kilicho karibu, na kila mtu ajue breka ya mahali pake iko wapi. Ukishindwa kabisa kuukata na ni umeme wa kawaida wa jengo, simama juu ya kitu kikavu, msukume kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme kama mpini wa mbao. Kwa laini za msongo mkubwa usisogee mpaka wenye laini waseme imekatwa. Asipopumua kawaida, bonyeza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika, na mwingine alete mashine ya kushtua moyo kama ipo, kwa sababu moyo uliovurugika na umeme mara nyingi hurudishwa na mashine hiyo tu, na kila dakika inayopita inapunguza nafasi yake. Aliyezinduka, au aliyerushwa kama mama yule, apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Umeme huunguza ndani bila kuacha alama kubwa nje.

Sasa msimamizi wa zamu. Fikiria mama yule alipomwendea. Mzigo unasubiriwa, gari liko nje, mashine zimebaki mbili. Anasikia "inatetemesha mkono". Hajui umeme, haoni damu wala moshi, na anajua kuisimamisha mashine kutamletea maswali kutoka juu. Anasema, "Maliza kwanza, kesho tutamwita fundi." Mtu mwema kabisa anaweza kusema hivyo. Na mafunzo yenu hayakumpa neno jingine la kusema.

Mpe neno hilo. Andika, na mkurugenzi aweke sahihi, kwamba yeyote akisema kifaa kinatekenya, kinatetemesha, kinanuka au kinatoa cheche, msimamizi anakizima hapohapo kutoka kwenye swichi yake, bila yeye mwenyewe kukigusa "kuhakikisha", anatundika lebo nyekundu, anamwita fundi. Lebo hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kuitundika, pamoja na mfagiaji. Kuiondoa ni fundi peke yake, baada ya kuandika alichokuta na alichopima. Kisha jambo dogo ambalo nimeona likifanya kazi kubwa: aliyelalamika apewe jibu kabla ya zamu yake kuisha, kwa mdomo, "tulikuta ethi imekatika kwenye plagi, asante." Asiyejibiwa mara mbili, mara ya tatu hasemi.

Halafu lifanyie jaribio, kama mnavyofanya zoezi la moto. Chagua saa ya pilika. Mtume mfanyakazi aliyekubali akamwambie msimamizi kwamba mashine fulani inatetemesha, wewe ukae pembeni na saa. Mara ya kwanza utasikia "maliza kwanza". Usimwaibishe mbele ya watu; mchukue pembeni, mpitie naye, mrudie wiki mbili baadaye. Na hesabu malalamiko yanayoletwa kila mwezi. Yakipanda kutoka mawili hadi kumi na tano, mwambie mkurugenzi kwamba ni habari njema, kwa kuwa hitilafu hizo kumi na tano zilikuwepo, sasa mnazijua.

Mashine ile ya nyama isirudi kazini mpaka fundi apime ethi yake kutoka kwenye bati hadi kwenye bodi, apime ukinzani wa mpira wa waya na mota, na aandike namba alizopata kwenye karatasi itakayobandikwa karibu nayo. Itakapokuwa tayari, na mama yule akiwa amepona na anataka kurudi mahali pake, msimfundishe yeye kwanza. Mwombe aje akawaeleze wasimamizi kwa maneno yake mwenyewe mkono ulivyokuwa unatetemeka, wiki gani ilianza, na alimwambia nani. Kisha nendeni wote kwenye bodi, iwasheni mashine, na kabla hajaigusa mwacheni yeye abonyeze kile kitufe cha T, asikie kikikata na aione mashine ikizima.